Matufaha Kabla ya Spas

Kwa juma zima Rimma Stanislavovna aliona jambo moja na akakosa kuona la pili. Aliona kwamba mkamwana wake, Ustinya, hali matufaha ya nyumbani kwake. Hakuona kwamba Ustinya alikuwa akila kila kitu kingine: matango aliyoyachuma kwa mkono wake mwenyewe, supu ya kabichi, uyoga wa kukaanga, viazi vya shambani, hata ule uji ulioshika chini ya sufuria ambao Tikhon, mwana wa nyumba, aliukimbia. Mwanamke aliyetumia maisha yake chuoni Vladimir akiwafundisha vijana kwamba katika fuwele pengo nalo ni habari, sawa na kile kilichopo, aliliona pengo katika sahani ya mkamwana wake na akalipa maana ya kwanza iliyomjia. Maana yenyewe ilikuwa hii: binti huyu hanitaki.

Wala hayakuwa matufaha ya sokoni. Mti aliupanda marehemu mumewe, Valerian, katika kiwanja chao cha kiangazi nje ya mji. Ulikuwa wa ile aina inayotangulia nyingine zote kuiva, yenye matunda meupe na laini ambayo ukiyaangusha hupondeka na ukiyakawiza hugeuka unga mdomoni. Matufaha hayo hayangojei mtu. Rimma alioka keki yake ya matufaha. Ustinya akaikata vizuri, akamwekea mumewe kipande, akakiosha kisu. Rimma akachemsha kinywaji chake cha matufaha. Ustinya akashukuru, akanywa maji. Mwezi Septemba vijana hawa wawili wangehama Yaroslavl, walikokuwa wakiishi, wakaenda Kaliningrad, ng'ambo ya nchi za watu, na Rimma hakuwa na mtoto mwingine. Alifahamu vyema kwamba mlango wa nyumba ya huko ungeshikwa na mwanamke huyu, aufungue au aufunge. Alitaka kujua ni lipi kati ya hayo mawili kabla hawajafunga mizigo.

Ni Tikhon aliyewatuma Yuryev. Alikuwa juu ya ngazi, misumari mdomoni, akiziba paa.

"Mama, si umekuwa ukimlilia tembo wako wa jiwe, yule wa ukuta wa kanisa, tangu nikiwa shule ya msingi?" alisema. "Nenda kamwone. Nenda na Ustya."

"Simlilii. Nataka kumwona tu. Kuna tofauti."

"Basi kamwone. Ustya ana macho makali kuliko wewe."

"Kuliko nani?" aliuliza Rimma, mikono kiunoni, na Ustinya, aliyekuwa ameishika ngazi kwa chini, alitabasamu kidogo. Tabasamu hilo Rimma alilibeba usiku kucha kama mtu aliyeokota kitu asichojua kama ni chake.

Asubuhi walipanda basi la mapema. Rimma alikuwa na mfuko wa kitambaa uliojaa matufaha meupe, chupa ya chai na mayai ya kuchemsha. Hawakuwa wametoka hata nje ya Vladimir alipolitoa tufaha la kwanza, akalifuta kwa leso, akamnyooshea mkamwana wake.

"Asante, Rimma Stanislavovna. Kula wewe."

Siku zote alimwita hivyo, jina lake na la baba yake, kama wanafunzi walivyomwita. Rimma alilila tufaha mwenyewe, kwa kelele kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Ni meno au ni tumbo?" aliuliza. "Maana mwanamke aliyeolewa akianza kuchukia chakula, watu huanza kuhesabu miezi!"

Alikusudia mzaha. Mama mmoja wa kiti cha mbele alicheka, akageuka kumtazama Ustinya tumboni. Ustinya hakucheka. Aliugeuza uso wake dirishani, akaitazama ngano iliyokuwa tayari kuvunwa mpaka walipofika. "Kiburi," alijiambia Rimma, lakini alikuwa mtu wa haki, na mara akajirekebisha: "Au ni kitu ambacho kwa sasa nakiita kiburi."

Mji wa Yuryev ulikuwa umeamka lakini haujaanza kazi. Paka walikuwa wamelala juu ya vifuniko vya visima. Katika safu ya maduka ya zamani wanawake walikuwa wameketi juu ya vigoda nyuma ya ndoo zao: ndoo za matango, ndoo za beri, mashada ya bizari, na matufaha ya kila rangi. Rimma hakuwa mtu wa kupita sokoni bila kuuliza. Aliuliza kwa nini matango haya yana miiba na yale hayana. Aliuliza kama beri zile zimetoka msituni au nyuma ya nyumba, na alipoambiwa msituni, aliuliza msitu upi.

"Wewe bibi, unatafuta beri au unatafuta ushahidi?" alimuuliza muuzaji mmoja mnene, mwenye kitambaa cha maua kichwani na msalaba mdogo shingoni, aliyekuwa akitafuna tufaha jekundu huku akihudumu.

"Vyote viwili, kama vipo."

"Basi onja kwanza, ndipo uhoji!" Alikata vipande viwili vya tufaha, akavinyoosha juu ya ncha ya kisu, kimoja kwa Rimma, kingine kwa Ustinya. "Karibu, mpenzi. Tamu kama asali hili."

"Baada ya Spas," alisema Ustinya kwa sauti ya chini.

Muuzaji aliacha kutafuna. Alimtazama Ustinya usoni, si kwa muda mrefu, kisha akajifanyia ishara ya msalaba kwa mkono ule ule ulioshika kisu. Aliinama, akachota beri nyeusi kwenye ndoo kwa kiganja kizima, akazimimina katika mikono ya Ustinya na kuvifunga vidole vyake juu yake.

"Kula hizi, mwanangu. Hizi unaruhusiwa."

"Na mimi je?" alisema Rimma.

"Wewe mdomo wako umejaa, mama."

Waliondoka. Spas aliijua, kama anavyoijua kila mtu: ni ile sikukuu ya katikati ya Agosti ambapo watu hupeleka vikapu vya matufaha kanisani yakanyunyiziwe maji ya baraka. Ilikuwa bado siku chache. Alijua pia kwamba washikaji wa dini hawagusi tunda hilo kabla ya siku hiyo.

"Sikujua kuwa umeshika dini kiasi hicho, Ustya," alisema hatimaye. "Ungeniambia tu. Ningekupikia mboga."

"Si dini."

"Ni nini basi?"

"Ni desturi ya kwetu tu, Rimma Stanislavovna. Twende tukamtafute tembo."

Ustinya alikuwa mzaliwa wa kijiji cha upande wa Kargopol, kaskazini, ambako alilelewa na nyanya yake. Huko, kwa maelezo ya Tikhon, hata ufagio ulikuwa na masharti. Jibu lile lingemtosha mtu mwingine. Rimma lilimwasha kama kiwavi ndani ya mkono wa shati. Yule muuzaji alikuwa na msalaba shingoni na tufaha mdomoni. Ikiwa katazo ni la kila mtu, kwa nini yeye anakula bila haya mbele ya mji mzima? Na kama si la kila mtu, kwa nini neno moja tu lilimfanya ajifanyie msalaba? Mtu hajifanyii msalaba kwa sababu mteja amekataa tunda. Kwa hiyo katazo lilikuwa la baadhi ya watu, na muuzaji alimtambua Ustinya kuwa mmoja wao. Baadhi ya watu gani?

Walifika kwenye kanisa la mawe meupe. Lilikuwa fupi na pana, kama mtu aliyekalia mizigo yake, na ukuta wake mzima ulijaa michongo. Zamani za kale liliporomoka, na fundi aliyetumwa kutoka Moscow kulisimamisha tena aliyapandisha mawe bila kujua lipi lilikaa wapi. Hivyo mtakatifu alikosa jirani yake, simba akapata mkia wa mwingine, na majani yaliyokuwa yakipanda mti mmoja yakakatika ghafla na kuendelea pembeni kabisa, juu ya mlango. Wataalamu wamebishana tangu hapo kuyarudisha mawe hayo mahali pake kwa karatasi. Rimma alikuwa amesoma mabishano yao yote, naye alikuwa na maoni yake.

"Wewe anzia kushoto, mimi kulia," aliamuru. "Atakayemwona tembo kwanza hatamwambia mwenzake. Atasema tu 'joto' au 'baridi'."

"Kama watoto?"

"Kama wanasayansi. Ni kitu kimoja."

Walizunguka kwa muda mrefu, shingo zimepinda. Rimma aliwaona ndege wenye nyuso za wanawake, aliwaona simba waliotabasamu kama waliokula cha mtu, akamwona mnyama ambaye alimtilia shaka mpaka akatambua kuwa ni farasi. Ustinya alikuwa amesimama mahali pamoja, kiganja juu ya macho.

"Baridi," alisema. "Baridi. Sasa vuguvugu. Joto! Rimma Stanislavovna, utaungua!"

Na huyo hapo. Rimma alifumba mdomo kwa mkono asicheke ndani ya ua wa kanisa. Aliyemchonga hakuwahi kumwona tembo, wala hakuwahi kumwona aliyemwona. Alisimuliwa na mtu aliyesimuliwa. Aliambiwa ni mkubwa, ana miguu minene, ana pua ndefu, naye akatii kila neno kwa uaminifu mkubwa, na bado akatokea mnyama ambaye Mungu hajamuumba.

"Maskini," alisema Ustinya. "Anaonekana kama anaomba radhi."

"Kwa nini hujaniambia kuwa una macho namna hii?"

"Hukuuliza." Alinyoosha kidole. "Tazama yule malaika asiye na bawa. Bawa lake liko kule juu, karibu na dirisha. Wamempa yule mwingine, ambaye sasa ana matatu."

Rimma alitazama alikoonyeshwa. Alitazama bawa, akamtazama malaika, akarudi kwenye bawa. Na katika kurudi huko macho yake yaliacha kuona jiwe. Alimwona mama yake.

Mama yake, Anfisa, alikuwa haendi kanisani, na nyumbani mwao hapakuwa na picha takatifu hata moja. Lakini kila kiangazi, matufaha yalipoanza, Anfisa aliwamenyea wengine na yeye mwenyewe hakuonja. "Meno yananiuma," alisema. Ilipofika ile siku ya Agosti alichukua tufaha moja, akalila taratibu, amesimama dirishani, mgongo ameupa chumba, na baada ya hapo meno hayakumuuma tena mpaka mwaka mwingine. Rimma alikuwa mtoto aliyeuliza kwa nini barafu inaelea na kwa nini mwezi unamfuata mtu njiani. Hakuwahi kuuliza ni meno gani yanayopona kwa kufuata kalenda. Na alijua, kama watoto wanavyojua mambo yasiyosemwa, kwamba kabla yake palikuwa na kaka, Lev, aliyekufa kwa kifua kabla hajajua kutembea. Mambo hayo mawili alikuwa nayo miaka yote, moja huku, jingine kule, wala hakuwahi kuyaweka pamoja.

Sasa yalikaa pamoja yenyewe. Kisha, bila kuombwa, likaja la tatu: Ustinya, na mikono yake iliyofungiwa beri. La nne lilikuwa sauti yake mwenyewe ndani ya basi. *Watu huanza kuhesabu miezi.* Rimma aliushika ukuta.

"Ni moyo?" Ustinya alikuwa tayari kando yake. Mwezi Machi Rimma alikuwa amepasuliwa moyo, na tangu hapo kila mtu alimtazama kama chombo kilichounganishwa kwa gundi. "Umemeza dawa? Keti. Keti hapa."

"Si moyo. Nataka kutembea. Nipeleke juu ya boma."

Boma la udongo la Yuryev linauzunguka mji wa kale kama pete, na juu yake pana njia nyembamba katika majani. Mbuzi mmoja aliyefungwa kamba aliwapisha kwa kinyongo. Chini upande mmoja palikuwa na bustani za watu na moshi wa bafu la mvuke la mtu fulani. Upande mwingine paa za monasteri. Rimma alisubiri mpaka pumzi ikamtulia. Alitaka sana kuuliza. Maisha yake yote alikuwa akiamini kwamba swali halimdhuru mtu, na sasa alikuwa nalo mdomoni kama kaa la moto. Basi hakuuliza. Alitoa cha kwake.

"Mama yangu naye hakula matufaha kabla ya Spas," alisema.

Ustinya alisimama.

"Alimpoteza nani?"

"Kaka yangu. Lev. Mimi sikumwona. Nimeelewa leo tu, Ustya, pale ukutani. Mimi ni mwanamke mzee na nimeelewa leo."

Upepo ulipita katika majani. Ustinya aliketi ukingoni mwa njia, akayakumbatia magoti yake, na Rimma akaketi naye, ingawa sketi yake haikuwa ya kuketia chini.

"Wa kwetu alikuwa binti," Ustinya alisema. "Alikuja mapema mno, mwezi Machi. Mimba hatukuitangaza, unajua watu wanavyosema, usitangaze kabla haijaonekana. Halafu wewe ulikuwa hospitali, mashine kila upande. Tisha wangu akasema, Mama hatastahimili, tutamwambia kiangazi. Basi kiangazi kikafika, nikaja nimejiandaa, nina maneno yangu. Nawe ukanipokea mlangoni na ndoo ya matufaha."

"Mungu wangu."

"Nikasema, ngoja kesho. Kesho ukaoka keki."

"Na leo ndani ya basi..."

"Ndiyo. Na leo ndani ya basi."

"Ningeweza kuyameza maneno yale, mwanangu, ningeyameza."

"Umeshameza vya kutosha leo," alisema Ustinya, akiutazama mfuko uliokuwa umepungua nusu; akacheka, kisha kicheko kikamgeukia, na Rimma akamvuta kichwa begani mwake. Walikaa hivyo. Mbuzi aliwatazama, akaendelea na kazi yake.

Baadaye, Ustinya alipokwisha kujifuta uso kwa leso iliyonuka tufaha, Rimma alishindwa na hali yake.

"Naomba kuuliza, na ukitaka usijibu. Kanuni yenyewe ikoje?"

"Nyanya alisema kule kwa Mungu, siku ya Spas, watoto hugawiwa matufaha. Ambaye mama yake aling'ata kabla ya siku, zamu yake ikifika huambiwa: lako lilishaliwa."

"Na wewe unaamini?"

Ustinya alifikiri. Hakuharakisha jibu, na Rimma, aliyepita mbele ya wanafunzi wengi waliojibu haraka, alimpenda kwa hilo.

"Sijui. Nikiwa kazini siamini. Lakini nikila, halafu ikawa kweli?"

"Basi hatari ni kubwa na gharama ni ndogo," alisema Rimma. "Hoja yako haina kasoro." Aliutazama mfuko wa matufaha. "Na bibi? Bibi naye huhesabiwa?"

"Vipi?"

"Mimi nimekula tangu yalipoanza kuiva. Nimekula ndani ya basi, nimekula sokoni. Nimekula mbele yako, Ustya, tena kwa kelele. Mimi ni bibi yake. Je, ninahesabiwa?"

"Hapana! Ni mama tu."

"Nyanya yako alisema hivyo, au hukumuuliza?"

"Sikumuuliza," alikiri Ustinya.

"Basi hatujui," alisema Rimma, na akaufunga mfuko wake mafundo mawili.

Alitaka kuutupa mfuko wote chini ya boma, lakini Ustinya alimshika mkono. Mti haujakosa, alisema, na Baba Valerian naye hajakosa. Wayabebe nyumbani wakaushe, yatakuwa ya wakati wa baridi. Mbuzi alipewa moja, lililokuwa limepondeka. Wakala mayai na mkate, wakanywa chai kwa kifuniko kimoja cha chupa, na Rimma akauliza binti yule alikuwa na nywele za rangi gani, na kama waliwahi kumpa jina. Alikuwa na nywele nyeusi, alisema Ustinya, kama za Tikhon kwenye zile picha za utotoni ukutani kwako. Walimpa jina Marfa. Amezikwa Yaroslavl, chini ya mti wa mbetula, na jiwe bado hawajaweka kwa sababu hawakukubaliana liandikwe nini.

"Mtanipeleka?"

"Nilikuwa nataka kukuomba uje," alisema Ustinya. "Nilimwambia Tisha akuambie. Akasema atakuambia."

"Tisha," alisema Rimma, "ni mwanangu na nampenda, lakini kama mjumbe hafai hata kutumwa kununua chumvi."

Walikwenda Yaroslavl watatu, asubuhi ya Spas, na mwezi Septemba vijana wakahamia Kaliningrad. Tangu siku ile ya Yuryev, lolote ambalo Rimma na Ustinya walitaka kuambiana waliambiana wenyewe, bila kumpitia Tikhon.